Samaki Mwenye Jina la Ng'ombe

Sifa ni za Mungu, ambaye Roho wake alitulia juu ya maji kabla hapajawa na jicho la kuyatazama, naye akayajaza viumbe bila kutuuliza vina faida gani. Namsifu kwa macho aliyoniachia mpaka uzee huu, na kwa magoti ambayo bado yanakunjika na kunyanyuka. Namsifu pia kwa ukaidi alionipa, ambao ndugu wengi wameniombea unitoke. Haujanitoka. Nadhani aliuweka kwa makusudi, na haya nitakayoyasimulia ndiyo ushahidi wangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa upande wa kaskazini wa Mlima Meru, juu ya Oldonyo Sambu. Nimezaliwa katika watu wa ng'ombe. Kwa bibi yangu samaki hakuwa chakula. Alikuwa ndugu wa nyoka, na aliyemla huko mjini alitakiwa asukutue mdomo kabla hajaingia bomani. Nilipokuwa nafundisha na kupanga nyumba mjini, Sombetini, nilijifunza kula sato kama watu wengine, lakini bibi alikufa bila kuambiwa.

Nalieleza hili kwa sababu bila hilo msomaji atashangaa jinsi kiumbe kinavyoweza kuishi mlangoni kwa watu wenye akili timamu kisiwe hata na jina. Watu wangu wanamjua kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa mama yake. Ukimtaja ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, kuna neno lake moja, na mtoto wa miaka mitano analijua. Samaki wa chemchemi yetu hakuwa na neno lolote. Watu hawakumla, kwa hiyo hawakumwona.

Chemchemi yenyewe iko chini ya shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Maji yanatoka kwenye mawe, yanajaza bwawa dogo lenye upana wa chumba cha kulala, halafu yanateremka kwenye majani ya ndago na matope mpaka wanaponywea ng'ombe. Baada ya hapo mkondo unazama katika ule udongo wetu wa majivu na kwisha. Hauendi mtoni wala ziwani. Kilichomo humo kimefungiwa humo tangu Mungu alipokiweka.

Na pale kuna utaratibu. Juu, kwenye jicho la maji, ni kwa wanawake wenye ndoo. Chini, kwenye matope, ni kwa wanaume wenye mifugo. Mwanamke hashuki ng'ombe wanaponywa, na mwanamume hasimami juu wanawake wakichota. Hakuna aliyeuandika utaratibu huo na sikumbuki kufundishwa. Unakua nao tu, kama unavyokua na njia ya kwenda kanisani.

Nilirudi kuishi huku baada ya kustaafu na baada ya kumzika mume wangu. Siku moja nilikuwa namimina maji kutoka kwenye ndoo nikaona kitu kinapeperuka ndani, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Kwa kawaida mama mwenye nyumba hukitupa nje na kuendelea na kazi. Nikachukua chujio la chai, nikakiweka katika bilauri ya kioo, nikakaa nacho mezani mpaka chai yangu ikapoa. Alikuwa wa rangi ya fedha. Alikuwa na sharubu mbili fupi mdomoni, na ubavuni mstari mweusi uliokatika katikati, kama ulioandikwa na kalamu inayokaukiwa wino. Nilifundisha vidato vingi kuhusu samaki. Mstari ule sikuwahi kuuona kwenye kitabu chochote.

Nikampigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, binti niliyemfundisha kupasua panya maabara akiwa analia, ambaye leo ni mhadhiri wa chuo kikuu na kazi yake ni samaki wa maji baridi. Akaomba picha. Nilipomtumia akaja mwenyewe, akiwa na kibali cha utafiti mkobani na viatu visivyofaa kabisa kwa njia yetu.

Akaitazama bilauri kabla hata ya kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyu simjui."

"Marahaba. Usipomjua wewe, nani anamjua?"

"Ndicho nilichokuja kukwambia," akasema. "Nadhani hakuna."

Watu hudhani kugundua kiumbe ni kukiona. Nilikwisha kumwona, hiyo ilikuwa kazi ya chujio la chai. Kumweleza ndiko kulikotunyima usingizi. Ni lazima uonyeshe kwa hesabu na kwa picha kwamba anatofautiana na kila ndugu yake ambaye tayari ana jina. Tulihesabu magamba ya safu ya ubavuni chini ya hadubini. Tulihesabu vijiti vinavyoshikilia kila pezi. Tulipima jicho tukalilinganisha na kichwa, tukapima kichwa tukakilinganisha na mwili. Ukikosea gamba moja unaanza upya. Mimi nilikuwa nasoma, yeye anaandika, kisha tunabadilishana ili kila mmoja amkamate mwenzake.

Baadhi yao tuliwaua. Sitalificha jambo hilo. Wanawekwa kwanza kwenye fomalini, kisha wanaoshwa na kuhifadhiwa kwenye spiriti, na rangi zao zinapotea upesi, ndiyo maana ni lazima kuwapiga picha wakiwa hai katika kijisanduku cha kioo. Nilisali kabla, sala fupi, nikamshukuru Mungu kwa uhai tuliokuwa tunauchukua. Yule binti hakucheka. Mmoja kati yao huchaguliwa kuwa ndiye mwenye jina, na kila atakayekuwa na shaka miaka ijayo ataletwa mbele ya huyo mmoja. Nilishikilia kwamba huyo abaki nchini, katika ghala la chuo anakofundisha binti, na si ng'ambo. Mtu atakayemtaka na apande ndege aje, kama sisi tulivyozoea kupanda kuwafuata wa kwetu.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo kamati ya maji ilipoleta mpango wake.

Mwenyekiti wa kamati ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni mtu mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, mwenye meno ya rangi ya chai kama yangu, ambayo ni zawadi ya maji ya huku kwetu yenye madini mengi. Mpango ulikuwa kulifunika jicho la chemchemi kwa boksi la saruji, kupitisha bomba shambani kwangu mpaka kwenye matangi ya shule na kanisa, na kujenga birika la kunyweshea mifugo kando ya barabara. Hakuna tone litakaloingia tena matopeni. Alilisema hilo kwa fahari, na mtu mwenye haki angekubali kwamba fahari yake ilikuwa na msingi.

Bomba lisingeweza kupita pengine isipokuwa kwangu, kwa sababu ya korongo lililo upande wa pili. Nikasema halipiti. Nikasema jicho libaki wazi, maji ya watu yachukuliwe kule chini baada ya bwawa, yachujwe, ndipo yapandishwe kwa mashine.

Shemeji huyo alikuja nyumbani akakataa kukaa.

"Shemeji, unawanyima watu maji kwa ajili ya dagaa?"

"Si dagaa. Na sijamnyima mtu maji."

"Haya, anaitwaje?"

"Bado hana jina."

"Kitu kisicho na jina utakitetea ofisi gani?"

Hapo alikuwa na haki, na mwanafunzi wangu alikwisha kuniambia jambo hilohilo kwa maneno ya wasomi. Sheria haiwezi kulinda kiumbe ambacho hakijaelezwa. Kikifa kabla ya kupata jina, hakuna hata anayeandika kwamba kimekufa. Tangu siku ile nilijua ninachokimbizana nacho: saruji na makala yetu ya kumweleza samaki huyu, ipi itafika kwanza.

Maneno yalienea mpaka Ngaramtoni sokoni, ambako muuza nyanya aliniuliza kama kweli nafuga mamba. Kwenye ibada ya jumuiya, tuliyokuwa tunaifanyia nyumbani kwa jirani, shemeji alisimama wakati wa maoni akasema kwamba kazi ya kuwapa wanyama majina ilikwisha kufanywa na baba yetu wa kwanza pale bustanini, kwa amri ya Mungu, na kwamba anaomba kujua nani ameifungua tena. Watu wakaguna kwa kukubali. Nikamwomba mchungaji atusomee mahali hapo, polepole.

Akasoma. Wakatajwa wanyama wa kufugwa. Wakatajwa ndege wa angani. Wakatajwa wanyama wa mwituni. Mchungaji akarudia mstari kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Samaki hawamo," akasema.

"Hawakuletwa mbele yake," nikasema. "Kazi hiyo imebaki."

"Basi wameachiwa wajane," akasema shemeji, na chumba kizima kikacheka, mchungaji naye. Nilicheka pia. Lakini sikuondoka kwenye neno langu. Nimeyasoma Maandiko tangu nikiwa na nguo ya kipaimara, na sijaona mahali ambapo Mungu anaomba radhi kwa kuumba kitu kidogo.

Makala yetu ilirudi wakati masika inaanza. Wahakiki wa jarida la kisayansi tulikoipeleka, watu tusiowajua na wasiotujua, waliandika kwa adabu kwamba samaki wetu wote ni wa rangi ya fedha na wadogo, na kwamba huenda ni watoto tu wa aina nyingine inayojulikana, ambao mstari wao hufutika wakikua. Walituambia tuonyeshe dume aliyekomaa mwenye rangi zake, au tuliache jambo hili. Tulikuwa tumechota bwawa lile asubuhi na jioni, kwenye mawe, kwenye kina, kwenye mizizi. Dume mwenye rangi hakuwepo.

Siku hizohizo nilipata pigo jingine, na lilitoka kwa mtu ninayempenda. Ni jirani yangu, mama kijana mwenye watoto wadogo, ambaye mara nyingi tuliongozana na ndoo. Alitua ndoo yake mbele ya mlango wangu na hakunisalimia kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mwalimu, mimi naamka saa kumi alfajiri kuwahi maji kabla hayajavurugwa na kujaa majani na vyura. Samaki wako anaamka saa ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akabeba ndoo yake akaenda. Niliomba sana siku zile. Sikumwomba Mungu anilainishe. Nilimwomba anionyeshe kama ninamtetea yeye au ninajitetea mimi. Kwa mtu mkaidi hilo ni ombi la hatari, maana huenda likajibiwa.

Lilijibiwa Jumapili, kwenye mnada.

Kwetu ibada ikiisha, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa: mayai, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, maziwa kwenye chupa. Mnadi wetu ni shemeji, kwa sababu ana sauti na hana aibu. Siku hiyo baada ya kuuza mkungu wa mwisho aliinama nyuma ya meza akainuka na chupa ya soda yenye maji machafu, akaiinua juu kama kikombe cha ushindi.

"Na huyu hapa," akasema, "ni mkubwa wa ukoo. Amesimamisha mradi wa maji. Haliwi, hakamuliwi, hachinjwi, na ana wakili msomi. Nani anaanza?"

Watu walicheka mpaka akina mama wakashikana mabega. Mtu akapiga kelele kwamba mwalimu amkomboe ndugu yake. Nikanyoosha mkono. Kijana mmoja wa kwaya akapandisha bei kwa utani, nikapandisha juu yake. Nilikuwa nimekasirika, nakiri, na nilikuwa nimeamua chupa ile haitaingia mkono mwingine hata kama ni kwa bei ya mbuzi. Mwishowe nilimpata mkubwa wa ukoo kwa bei ya jogoo mzuri, na sadaka ikaenda kwa Bwana, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Niliiinua chupa juani ili nione kama yuko hai. Kumbe walikuwa wawili. Mapezi yao yalikuwa mekundu, mekundu kama shuka mpya ya mchunga ng'ombe. Tumbo lilikuwa la rangi ya asali, na ubavuni, wazi kabisa, ulikuwepo mstari mweusi uliokatika katikati.

Hasira ikaniisha palepale. Nilimfuata shemeji nyuma ya meza.

"Shemeji, hawa umewatoa wapi?"

"Si bwawani kwako."

"Bwawani hawako hivi. Niambie ulipowatoa."

Akaniangalia kama mtu anayeshuku mtego. "Kwa ng'ombe," akasema. "Matopeni, kwenye alama za kwato. Wako hivyo kila masika tangu nachunga ndama. Kwani hukuwajua?"

Kila mwanamume pale uwanjani aliwajua. Waliwaona maisha yao yote wakiwa wamesimama na fimbo, wakingoja mifugo ishibe, na hakuna aliyeona ni jambo la kusema, kwa sababu nani anazungumza kuhusu samaki? Na mimi, niliyejivunia kwamba siogopi kamati wala wahakiki, nilikuwa nimeizunguka chemchemi ile kwa miezi na chujio mkononi, nikaishia pale ndoo zinapoishia. Hata mwanafunzi wangu nilikuwa nimemwonyesha mpaka huohuo, naye kwa heshima hakuuliza. Hakuna mtu aliyenizuia kushuka. Nilijizuia mwenyewe, na sikujua kama nimezuiwa.

Kesho yake yule binti alifika, tukashuka. Tulishuka adhuhuri, wakati wa kunywesha, kwa sababu nilitaka kuona mahali pale palivyo ng'ombe wakiwepo. Wachunga ng'ombe waliacha mazungumzo yao. Mmoja, kwa upole wa kweli, akaniita bibi kwa lugha yetu: "Koko, umepotea njia. Ndoo ziko juu." Nikamjibu kwamba leo sikuja na ndoo. Wakangoja niondoke. Nikavua viatu, nikakunja gauni, nikapiga magoti kwenye matope yenye samadi kati ya miguu ya ng'ombe wa watu. Nimepiga magoti mahali pengi katika maisha yangu. Pale sikuona aibu hata kidogo.

Kila alama ya kwato ilikuwa imejaa maji, na kila alama ilikuwa na bwana wake. Dume mmoja mwekundu, hakuna wa pili. Alizunguka ndani ya unyayo ule kama mlinzi getini, jirani akikaribia anamfukuza, na majike ya rangi ya fedha, wale wa bwawani, waliteremka na mkondo wakaingia kwake kutaga kwenye mizizi ya ndago. Ng'ombe akikanyaga, wanatawanyika. Akinyanyua mguu, pamekuwa na nyumba mpya. Mwanafunzi wangu machozi yalimtoka, na safari hii hapakuwa na panya wa kupasua.

Nilipokuwa bado nimepiga magoti nikaelewa jambo la pili. Nilikuwa nimepigania jicho libaki wazi na maji ya watu yachukuliwe chini. Chini ndiko walikozaliana. Ningeshinda, ningewaua wote kwa mkono wangu, huku naimba zaburi.

Makala iliandikwa upya, ikiwa na picha za madume na maelezo ya kwato. Nilidai pia pawe na ukurasa mmoja wa Kiswahili mwanzoni. Mhariri akajibu kwamba si lazima. Nikamwandikia kwamba najua si lazima, lakini Mungu amenisikiliza kwa Kiswahili maisha yangu yote na sijaona akichoka, kwa hiyo jarida lake litaweza kuvumilia ukurasa mmoja. Aliuweka.

Lakini kabla makala haijatoka, kamati iliitisha mkutano darasani shuleni, na nilijua ni siku ya kunilazimisha. Nilisimama kabla hawajaanza. Nikasema jengeni boksi lenu juu ya jicho, na bomba lipite shambani kwangu bila malipo. Watu wakaanza kupiga makofi. Nikasema bado. Nataka boksi liwe na tundu la kutolea maji kuelekea matopeni ambalo halitazibwa kamwe, na nataka ng'ombe waendelee kunywa palepale walipokunywa ng'ombe wa baba zao. Birika la barabarani lisijengwe. Bila hayo mawili, bomba halipiti.

Kelele zilizofuata mwandishi wa mkutano hakuziandika. Mmoja alisema ni uzee. Mwingine akasema ni elimu. Shemeji akauliza, akiwatazama watu na si mimi, kama kweli maji ya watoto yatamwagwa matopeni ili mwalimu afurahi.

"Hayamwagwi," nikasema. "Yanakwenda kwa wenyewe."

Jirani yangu, yule mama kijana, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nijibu bila Maandiko. Nitapata maji au sitapata?"

"Utapata."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi yatapungua kwako na yatapungua kwao. Sitakudanganya."

Alifikiri. Fundi wa mradi, aliyekuwa dirishani, akasema kwa sauti ya chini kwamba usiku matangi yakijaa maji yatakuwa yanatafuta pa kwenda hata hivyo. Mama yule akageukia meza ya kamati. "Basi mpeni matope yake," akasema, "sisi tukanywe."

Hivyo ndivyo hoja yangu ilivyopita. Haikupita kwa upendo. Ilipita kwa sababu watu walikuwa na kiu na mimi nilikuwa sichoki.

Shemeji, ili asiondoke mikono mitupu, akauliza kama basi huyo mheshimiwa amekwisha kupata jina. Nikamwambia jina la kwanza ni la ukoo wake, la Kilatini, kama walivyo ndugu zake wote. La pili tumelitoa kwenye neno letu wenyewe, *enkiteng*. Shemeji akainama juu ya meza.

"Mmempa samaki jina la ng'ombe?"

"Anazaliwa kwenye unyayo wake. Ulitaka tumpe la nani?"

Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye ninaamini hajawahi kuonja samaki, alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo, si vizuri tena kumwita dagaa. Sijui kama alikuwa ananitania. Tangu siku ile sijasikia mtu mzima akimwita hivyo mbele yangu.

Makala imetoka. Samaki wetu ana jina, na jina lake liko mahali ambapo hata mimi nikifa halifutiki. Boksi lipo, matangi yapo, na jirani yangu anaamka jua likiwa limechomoza. Ningeweza kuishia hapo kama mambo yangeishia hapo.

Kiangazi kilichopita maji yalipungua kama nilivyosema. Asubuhi moja nilikuta matope yanaanza kupasuka na madimbwi ya kwato yamekauka kingo. Mtu alikuwa ameziba tundu la boksi kwa kipande cha gunia. Sikuuliza nani. Nilingoja adhuhuri, wakati ndoo ziko juu na ng'ombe wako chini, nikapita katikati ya wote na kukichomoa kipande kile mbele ya macho yao. Maji yakatoka na kikohozi cha hewa, kisha yakateremka.

Shemeji alikuwa amesimama pale na fimbo yake.

"Utakichomoa mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka mnizike. Na nimekwisha kumwambia mchungaji pa kunizika: hapa, kando ya hili tundu. Atakayetaka kuziba na aanze kwa kunikanyaga."

Akanyoosha mkono nimpe lile gunia. Sikumpa. Niliondoka nalo kwapani, linachuruzika gaunini, na tangu hapo napita pale kila siku baada ya sala ya asubuhi. Mara mbili nimekuta tundu limezibwa tena. Mara zote mbili nimelizibua, mchana, watu wakiona. Nina umri wa kutosha kutoogopa kuonekana mjinga, na namshukuru Mungu kwa kila asubuhi anayoniongezea kwa kazi hiyo.

Wewe unayesoma, Mungu aliyeyagawa maji akutunzie sehemu yako isiyozibwa na mtu. Akujalie macho ya kushuka upande usiouzoea, magoti yasiyochagua mahali pa kupigwa, na kiburi kidogo kitakatifu cha kutoondoka pale alipokusimamisha. Amani yake ikae nyumbani kwako, na juu ya vyote vinavyoishi mlangoni pako bila jina.